Manang Felisa na Saa Kumi za Riyadh

Tarehe 28 Juni, Manang Felisa Dumancas, dada mkubwa wa mji mzima kama jina hilo la heshima lisemavyo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya tiketi za ndege hapa Pototan. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu nilifanya mafunzo ya shule mezani pake wiki tatu, na kwa sababu ya bibi yangu.

Alianza akiwa karani wa kupokea simu. Alijua kila safari kwa kichwa: Manila hadi Hong Kong, saa mbili na kidogo, Manila hadi Riyadh, kilomita zaidi ya elfu saba na mia saba, saa kumi. Alijivunia sana. Mwaka wake wa pili, familia moja iliyofiwa ilimuuliza Riyadh ni mbali kiasi gani. Akajibu saa kumi, wakapanga mazishi kesho kutwa. Binti yao aliyekuwa akifanya kazi huko alifika saruji ya kaburi ikiwa imekauka. Hakuna aliyehesabu siku za kumwomba mwajiri ruhusa ya kuondoka.

Tangu hapo, mwenye msiba hapewi saa. Manang humuuliza kwanza, "Mwajiri wake ana roho gani?" Kisha humhesabia siku, na kwa siku hizo jeneza hukaa sebuleni, kahawa ikichemka na karata zikichezwa kama ilivyo desturi ya mkesha kwetu, hadi msafiri afike.

Mwezi Machi bibi yangu alifariki. Mama anafanya kazi Riyadh na alikuwa hajarudi kwa miaka sita. Manang alisema siku nane. Siku ya nane ilifika, ruhusa haikufika.

"Manang, hesabu yako imekataa," mjomba Rodel alimwambia kwa simu. "Kesho asubuhi tunazika."

Manang alifunga ofisi mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaja kwetu kwa miguu.

"Nimekosea kweli, Rodel," alisema mbele ya wacheza karata wote. "Nitukane ukitaka, lakini nipe siku mbili."

"Na asipofika?"

"Jeneza nitalibeba mwenyewe."

"Kwa mgongo huo?"

Watu walicheka, na mjomba naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze. "Moja, Manang. Mbili sikupi."

Mama alifika kesho yake saa tisa alasiri, jeneza likiwa bado wazi. Hakulia mara moja. Aliomba kitana, akamchana bibi nywele taratibu, kama bibi alivyokuwa akinichana mimi. Siku ya nne aliondoka tena. Tiketi ya kurudi aliiandika Manang, na siku hiyo hakusema lolote kuhusu saa wala siku.

Wengi mjini hapa waliwahi kuwaona watu wao mara ya mwisho kwa sababu yake. Wengine hawakuwahi, na hao pia anawakumbuka kwa majina.

Asante, Manang, kwa siku moja uliyotuombea. Tunakutakia pumziko refu, na kila unayemngoja afike ungali mlangoni.