Mama Sidonie Anahamia Nyumba ya Mbele

Mnisamehe kwanza kwa kukawia. Mwalimu Joël, anayetengeneza gazeti letu la internat, shule yetu ya bweni, aliniomba maneno haya tangu mwezi wa tano, nami kila mara nilijibu kesho. Mtoto wangu anaota meno, na mwenye kujua meno ya mtoto hataniuliza zaidi. Leo amelala mgongoni, basi ninaandika nikiwa nimesimama, juu ya meza ya jikoni, ile tunayochambulia mchele.

Ijumaa hii, tarehe 4 Julai 2025, Mama Sidonie, mpishi mkuu wa internat yetu hapa Kasongo, anamaliza kazi baada ya miaka thelathini na mmoja. Aliingia mwaka 1994 kumenya mihogo na kuteka maji. Mpishi wa wakati ule alipoondoka katikati ya muhula bila kuaga mtu, padri mkubwa alimkuta huyu msichana akisonga bugali peke yake kwa ajili ya shule nzima, akaonja, akamwacha palepale. Barua ya cheo ilifika baadaye sana, wakati wanafunzi aliowapikia mwanzo walikuwa wamekwisha kuoa.

Miaka ya vita, shule ilipofungwa na watu wakakimbilia msituni, yeye alichelewa kukimbia kwa sababu alikuwa anazika sufuria kubwa chini ya banda la kuni. Mumewe alimwita kichaa. Shule ilipofunguliwa tena hakukuwa na madawati wala vitabu, lakini chakula cha mchana kilikuwapo. Sufuria zile ndizo tunazopikia hadi leo, na ole wako uzikwangue kwa kijiko cha chuma.

Kasoro anayo, tuiseme. Hajui kumnyima mtoto sahani ya pili. Wavulana wa mwaka wa tano walikuwa wanabadilishana kofia na kurudi kwenye mstari, naye anawapakulia akijifanya hawajui kwa sura. Ekonome Blaise, mshika fedha na ghala la shule, amelalamika mpaka amechoka. Siku moja alikuja mwenyewe kusimamia, naye akapewa sahani ya pili bila kuomba. Tangu siku ile amepunguza maneno.

Sasa nifike kwenye habari ambayo nyinyi wote mnaitaka, habari ya nyumba.

Baada ya kufiwa na mumewe, Mama Sidonie alikopa kwa koperative ya wafanyakazi, akanunua nyumba ya tofali za kuchoma kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahamia Kindu. Deni lilikatwa kwenye mshahara kila mwezi kwa miaka kumi na mitatu, na kwa kuwa mshahara peke yake haukutosha, nyumba alipangisha. Mwenyewe alilala katika chumba kidogo cha nyuma, kilichogusana na jiko, kati ya kuku na mifuko ya makaa. Mpangaji alikuwa Baba Kahindo, mnunuzi wa dhahabu kutoka Kivu, mtu wa heshima, mwenye wageni wengi. Mgeni mmoja kutoka mji wa Salamabila, asiyejua nyumba ni ya nani, alimwona Mama anafagia uwanja, akamtuma sokoni kununua sigara. Mama akaenda, akaleta, akaachiwa chenji, akasema asante baba. Kahindo alipojua, aibu ilimshika hata akakosa kula. Mama alimwambia aache mgeni avute kwa amani, na chenji hakurudisha.

Baada ya Pasaka koperative ikampa karatasi kwamba deni limekwisha. Kahindo akahamisha vitu vyake kwa ukarimu, hata paa alipaziba pale palipovuja. Nilimsindikiza Mama siku ya kuingia. Alipanda barza, ule ukumbi wa nje mbele ya nyumba, ufunguo mkononi, akasimama mbele ya mlango, akaita: "Hodi."

Akangoja. Akaita tena. Mimi nyuma yake, mtoto mgongoni, sikujua nicheke au nilie.

"Karibu, Mama," nikamwambia. "Ni kwako."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji. Lakini usiku ule alirudi kulala kule nyuma, maana mbele hamna kitu, na yeye mgongo wake hautaki tena mkeka.

Mipango yake ameisema jikoni mara nyingi, basi si siri. Anataka sufuria ndogo, ya mtu mmoja, maana hajawahi kuwa nayo. Anataka kupanda mboga za lengalenga na nyanya nyuma, pale kuku walipokuwa. Anataka kwenda Nyangwe kwa mdogo wake kula vichwa vya samaki, vile ambavyo miaka yote aliwaachia watoto. Anataka kurudi kwenye kwaya, sauti ya pili. Na alasiri anataka kukaa kwenye barza yake bila kufanya kazi yoyote, watu wakipita na baiskeli wamuone.

Ila mtoto wake Héritier, anayeuza vipuri vya pikipiki Salamabila, ana mpango mwingine. Anataka mama ahamie kwake, alee wajukuu, nyumba ipangishwe tena. Héritier si mtoto mbaya. Anauliza mama atalala wapi katika nyumba tupu, na swali lake lina haki. Sisi jikoni tuliogopa, kwa kuwa tunamjua Mama na sahani ya pili. Wiki iliyopita Héritier alipiga simu tukiwa tunatwanga sombe, yale majani ya mihogo. Mama akaweka sauti tusikie wote. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Héritier, mutoto wangu, wajukuu ninawapenda. Uwalete likizo, nitawapikia. Lakini ile nyumba niliilipa nikilala inje yake. Sasa nataka nilale ndani."

Kinu kilisimama. Héritier akajibu kwa upole kwamba Jumapili, baada ya Ijumaa hii ya kumwaga Mama, atakuja na pikipiki ajionee. Akikuta mama anaishi kama mtu, ataondoka peke yake. Akikuta mkeka, ataondoka naye.

Mama Sidonie, umetulisha, umetufundisha kazi, na mimi ulinishikia mtoto mara nyingi nikioga. Asante haitoshi, lakini ipokee. Ukae kwako na amani, ule chakula cha moto, ulale mpaka jua likuchoke.

Na nyinyi wengine, msije Ijumaa na hotuba tu. Mliahidi vitu vya kujaza nyumba, nami nimeshika majina. Mpaka leo bado havijafika: kitanda cha mbao cha Roger mlinzi, ambacho kinangoja misumari tu, godoro la Ekonome Blaise, pazia mbili za wamama wa kwaya (rangi ya kijani, Mama amekwisha kusema hataki maua), chandarua, viti viwili na stuli moja kutoka kwa walimu wa sekondari, sufuria ndogo yenye kifuniko chake, na taa ya sola ya kutundika barzani, ili Héritier akichelewa njiani aone toka mbali kwamba nyumba iko na mwenyewe.