Yotham Ndaki na Kiwanda cha Sitalike Alichokataa Kukifunga

Jumatatu ijayo, Juni 30, 1997, Bwana Yotham Ndaki, Afisa Ufundi wa Mradi wetu wa Mafundi Vijijini hapa Mpanda, anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya kazi. Bado hatuamini. Mimi ninayechapa barua zake tangu 1981 nilichapa na hii ya kustaafu, nikakosea tarehe mara mbili.

Alianza na baiskeli ya mradi, akizungukia wafinyanzi wa Litapunga, wasuka mikeka na wahunzi. Maneno machache. Akikagua jembe, hulipiga ukucha, husikiliza, kisha huandika. Mara moja alikagua hivyo hivyo sufuria mpya ya mhasibu wetu, akamshauri airudishe dukani.

Lakini kilichotushtua ni habari ya Sitalike.

Mwaka 1993 polisi walikuta mitutu miwili ya gobore katika kiwanda cha mhunzi Melkiadi, kijijini Sitalike. Bwana Ndaki ndiye aliyekuwa amemwombea vifaa vya mradi na kuthibitisha kwa maandishi kwamba anafua majembe tu. Alidandia lori siku hiyohiyo kwenda kumtetea. Melkiadi akamtazama usoni, akasema, "Bwana Ndaki, ni kweli. Niliitengeneza mimi."

Alirudi ofisini kama mtu aliyefiwa. Siku mbili hakugusa chai.

Melkiadi alifungwa miaka miwili. Mradi ukaamua kiwanda kifungwe na vifaa virudishwe. Barua niliichapa mimi. Kuipeleka akatumwa yeye.

Alipokaribia kiwanda alisikia nyundo ikilia. Akadhani ni wezi. Ndani alimkuta Dorice, mke wa Melkiadi, kanga kaifunga kiunoni, anafua jembe. Katika ukoo wao mwanamke hakuruhusiwa hata kuingia mle. Dorice aliogopa kuliko yeye.

"Kaka, miaka kumi nimemtazama kupitia ufa wa ukuta," alisema. "Sasa nyie mkichukua nyundo, watoto watakula nini?"

Bwana Ndaki akaliokota lile jembe, akalipiga ukucha, akasikiliza.

Alirudi mikono mitupu, barua ingali mfukoni. Mkuu wetu akamuuliza, "Vifaa viko wapi?"

"Vinafanya kazi, mzee."

 Mtu aliyeaibika vile kwa kumwamini mhunzi, leo anamwamini mke wa mhunzi, ambaye hakufundishwa na yeyote. Alipewa barua ya onyo. Akaisaini palepale, kisha akaomba jina la Dorice liingizwe katika orodha ya mafundi. Lilikubaliwa baada ya mwaka mzima, na kila Ijumaa ya mwaka huo aliniletea ombi lilelile nilichape upya.

Melkiadi alipotoka, Bwana Ndaki alimsindikiza hadi nyumbani. Walimkuta Dorice akifundisha wanawake wawili wa jirani. Melkiadi alisimama nje muda mrefu. Kisha akaingia, akaketi kwenye mivukuto, akaanza kupuliza moto. Nyundo hajaidai mpaka leo.

Wiki iliyopita Dorice alifika ofisini akauliza nani sasa atakagua majembe yake. 

Bwana Ndaki, ahsante kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kuandika. Ukapumzike nyumbani Nsemulwa kwa afya na amani, na siku zako ziwe njema wewe na wako wote.

Mariana, Mpiga Chapa