Mtamba wa Parmuat

Sogeeni wote wawili, na wewe Martha mke wangu usiende jikoni, uji utasubiri. Sauti yangu haivuki tena kizingiti cha mlango huu, na daktari alipotuambia tukapumzike nyumbani nilielewa anamaanisha nini, mimi si mtoto. Leo ni Jumatano, saa nane imegonga sasa hivi redioni, na nina mambo ya kusema kabla kifua hakijabana tena. Hilary, weka simu mfukoni. Laurencia, usilie kwanza, nitakuambia wakati wa kulia.

Nianze na mashamba, kwa maana najua ndiyo yanayowakereketa ingawa mnaona haya kuuliza. Shamba la juu, lile linalopakana na kanisa, ni la Laurencia, na asije mjomba yeyote akasema binti harithi, mwambieni Clemensi alisema akiwa na akili zake. Nyumba hii na shamba la bondeni ni vya Hilary, pamoja na kumtunza mama yenu mpaka mwisho wake. Mashine ya kumwagilia imeshauzwa juzi, msiitafute. Ndiyo iliyolipa basi la timu la kwenda Wasso Ijumaa alfajiri. Na uwanja wa mpira pale barabarani, ekari mbili na nusu, si wenu. Ni wa Mbaazi Stars. Jumatatu nilibebwa mpaka kwa mtendaji wa kijiji, nikatia saini mbele ya mashahidi wanne.

Usiinuke, Hilary. Najua umeshazungumza na yule mtu wa kambi za watalii, najua mlipima uwanja kwa hatua siku ile ukaniambia mnatafuta mbuzi aliyepotea. Sikukasirika. Ningekuwa wewe, ningepima pia. Unaichukia timu hii tangu ukiwa kidato cha tatu, ulipokaa nyumbani wiki tatu wenzako wakisoma, kwa sababu ada yako niliipeleka kwenye nauli ya wachezaji. Nilikuambia shule imekosea hesabu. Shule haikukosea, mwanangu, mimi ndiye niliyekosea, na nilikuona ukipalilia mbaazi kwa hasira pale nyuma ya zizi nikajifanya sijui una nini. Nisamehe. Nimechelewa sana kulisema hilo, lakini nimelisema.

Mnajua timu ilivyoanza, nyumba zote za hapa Qurus zilikuwa zikitoa debe moja la mbaazi baada ya kuvuna, tunauza pamoja, vijana wanapata jezi na mpira na nauli. Hata wajane walitoa, na mwanamke akikosa debe alileta bakuli, tukalipokea kwa heshima ileile. Bei ya mbaazi ilipoanguka madebe yakakauka. Akaja yule tajiri mwingine wa kambi, akatuvalisha jezi zenye jina lake mgongoni, na sisi kwa furaha tukaacha kabisa kukusanya, tukasema sasa tuna mfadhili, za nini kero za madebe? Misimu miwili tu. Mwaka jana wageni wake walipopungua akabadilisha namba ya simu. Vijana wakawa wanacheza na njaa, wengine wakaenda kubeba vitunguu Mang'ola, na ada ya ligi ya mkoa ilikuwa inatakiwa katika siku nne. Mwenyekiti ni nani? Ni mimi. Watu wote walinitazama mimi.

Martha, nipe maji kidogo. Basi, yanatosha.

Sasa nasema jambo ambalo hata mama yenu halijui. Mnamkumbuka Parmuat, Mmasai wa Kakesio. Mwaka wa ukame alishuka Karatu kutafuta mahindi, nikampa magunia kwa maneno tu bila karatasi, na mvua iliporudi akaja kulipa, tukawa watu wa kutembeleana. Akaniletea mwanawe Sitonik asome sekondari hapa, akalala chumba kimoja na wewe Hilary, mkagombania blanketi miaka minne. Kijana alipomaliza, Parmuat alikuja na mtamba mwekundu, mzuri, mwenye alama ya ukoo wao masikioni, akanikabidhi pale zizini mbele ya nduguze wawili. Tangu siku hiyo hakuniita tena Clemensi. Aliniita Paashe, nami nikamwita Paashe, kwa maana kwao watu waliopeana mtamba huachana na majina yao wenyewe, wakaitana kwa ile zawadi hadi kufa. Hata kwenye simu hakuna habari ya haloo. Ni Paashe tu, kisha anakohoa, kisha habari za mvua.

Huyo ng'ombe ndiye niliyemuuza. Niliwaambia amekufa kwa ndigana nikiwa nimempeleka malisho ya mbali, si ndivyo nilivyosema? Sivyo. Nilimpeleka mnadani tarehe saba, nikapata ada ya ligi na viatu jozi kumi na moja. Njiani nilikuwa najisemea, Clemensi, sisi Wairaqw mtu akiweka ng'ombe kwako akutunzie, huyo si wako, utamrudisha. Lakini akikupa, amekupa, ni mali yako, unauza hata kesho. Nikajihesabia haki kwa mila zetu juu ya ng'ombe wa mila yao. Nilijua. Miaka yote niliyokula nyama na kunywa maziwa kwao nilijua kwamba ng'ombe wa namna ile huwezi kumtoa bila kupeleka neno kwa aliyekupa, ukakaa naye, ukamweleza shida yako. Angekubali! Pengine angeniongezea na dume. Ila niliona aibu kumwambia kwamba timu imenishinda, nikaona ni rahisi zaidi kuuza kimyakimya.

Pale mnadani palikuwa na vijana wa Kakesio. Waliona alama masikioni. Habari ilifika kwa Parmuat kabla mimi sijafika nyumbani na vile viatu. Jioni simu ikaita, nikapokea, nikasema Paashe. Akakohoa tu. Kisha akasema, "Clemensi, mmeshindaje huko?" Akauliza habari za mvua kwa adabu, akaniaga. Wanangu, nimeitwa Clemensi tangu nibatizwe na sikujua jina langu linaweza kunichoma hivyo.

Wiki iliyofuata Sitonik alifunga begi lake. Kipa wetu, nahodha wetu, kijana aliyezuia penalti mbili kule Monduli akiwa na homa. Alinishika kichwani kwa heshima kama kawaida... hapana, nasema vibaya, mimi ndiye niliyemshika kichwani, yeye aliinama. Akasema, "Baba ameniita nyumbani, mzee." Akabeba begi akaondoka, na alikuwa anajua kila kitu.

Hapo ndipo ninapoogopa kufa, si kwingine. Watu walianza kusema Sitonik amekula hela za timu ya Wasso. Wakasema amenunuliwa ili tushuke daraja. Vijana wakatunga na wimbo, nanyi mmeusikia, wewe Laurencia uliwakemea watoto darasani kwako wasiuimbe. Tukaitisha mkutano pale uwanjani, mtu akasimama akaniuliza mbele ya wote, "Mwenyekiti, ni kweli huyu Mmasai ametuuza?" Nami nikajibu, "Tuwaachie viongozi walichunguze." Mnasikia neno hilo? Viongozi walichunguze. Nilikuwa nimevaa koti langu la kitambaa na kalamu mfukoni. Ningesema sentensi moja tu kijana yule angekuwa safi, na mimi nikatoa jibu la ofisini. Tangu siku hiyo tumefungwa mechi tatu, golini amesimama beki anayeogopa mpira, na Jumamosi kule Wasso tukipoteza tumeshuka, na tukishuka mwaka huu hakuna timu tena, maana hakuna debe, hakuna mfadhili, na mwenyekiti yuko kitandani.

Ngoja. Ngoja nipumue. Huo mlio ni wa gari? Si lenyewe bado? Haya.

Laurencia, kazi yako ni hii. Kesho saa kumi vijana wakiwa mazoezini nenda usimame katikati ya uwanja, wakusanye na watu wa vibandani wote, uwaambie kwa sauti yako ya darasani kwamba Sitonik hakula hela ya mtu, baba yako aliuza ng'ombe wa heshima na akanyamaza kijana akitukanwa. Usipunguze makali. Usiseme alikuwa mgonjwa, sikuwa mgonjwa. Atakayeimba wimbo ule tena, asije msibani kwangu. Kisha waambie wazee warudishe madebe. Waanze hata na bakuli.

Hilary, wewe ni kazi ngumu zaidi, na nakupa wewe kwa sababu huipendi timu, hutakuwa na tamaa. Yule ng'ombe aliacha ndama kabla sijamuuza, ndiye huyu mtamba mwekundu aliyepo zizini. Najua shangazi zenu wameshamtazama kwa ajili ya msiba. Wasimguse, watu wa msiba wapikieni makande, wamezoea. Gari la mahindi linalokwenda Kakesio litapita hapa baadaye kidogo, nimeshaongea na dereva, kibali cha mifugo kiko kwenye bahasha chini ya redio. Panda na mtamba, mlale Endulen, asubuhi mtakuwa kwa Parmuat. Usimpigie simu kabla. Fika kwa miguu yako, subiri nje ya boma mpaka ukaribishwe, umsalimie kama nilivyowafundisha, umwambie, baba yangu alimuuza yule mama bila kukuambia, na huyu ni binti yake, amerudi kwako. Yeye amchukue au amkatae. Akikupa maziwa, kunywa. Akikunyima, geuka urudi, usinung'unike njiani.

Na sasa sikiliza kwa masikio yote mawili. Usiombe kipa.

Naona unavyonitazama. Unafikiri mzee amechanganyikiwa, mtamba anafika Kakesio Alhamisi, mechi ni Jumamosi, si ni wazi anachokitaka? Ndiyo, ni wazi. Nakitaka mpaka meno yananiuma. Usiku na mchana namwona Sitonik akiingia kwenye lile basi na glavu zake, vijana wanampigia makofi, tunatoka Wasso na pointi moja tu, moja inatosha. Lakini ukimtaja mwanawe hata kwa kuzunguka, huyo mtamba atakuwa bei. Nitakuwa nimeuza tena, mara ya pili, na safari hii kwa mwenyewe. Afadhali tushuke. Mnasikia nilivyosema? Nimesema afadhali tushuke, mimi mwenyewe, Martha shahidi yangu.

Kifua... nishikieni mto. Hapo, hapo.

Mungu awape mvua ya kupandia kwa wakati wake, na afya, na watoto wasiowaficha mambo. Asiwape aibu kama yangu, ya kukaa na neno moja mdomoni miezi saba. Msigombane kwa ajili ya mpaka wa shamba. Laurencia, mwangalie mdogo wako. Hilary, mheshimu dada yako hata akiwa na kiherehere. Nawaombea, wanangu, kwa pumzi hii iliyobaki... kidogo hii. Nikifa kabla basi halijaondoka, basi liondoke. Msizuie basi kwa ajili yangu. Nizikeni Jumatatu, wakiwa wamerudi.

Lile ni gari. Lile ndilo, nalijua honi yake. Funga kamba ya mtamba vizuri, usimpige, bado mdogo.

Hilary. Rudi kidogo. Njoo, inama, siwezi kupaza.

Kama... kama ni yeye mwenyewe ameuliza. Wewe hujasema kitu, mmekaa tu, watu wanaulizana habari, naye akasema, na ule mpira wenu, vipi... basi mwambie ni Jumamosi. Saa kumi. Wasso.

Hapana.

Hapana, mwanangu, usimwambie. Akiuliza... mwambie baba amenikataza kusema.

Nenda sasa. Geti la hifadhi linafungwa saa kumi na mbili.