Mama Masafa, Fundi Aliyekataa Kuuza Nusu ya Kazi

Familia inawashukuru nyote mliofika, wa karibu na wa mbali, na inawaomba mkae vizuri, maana marehemu aliishi miaka sitini na saba na hakupenda mambo ya haraka haraka. Jina lake kamili mnalo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni, lakini hapa atasomwa kwa jina aliloliitikia zaidi, Mama Masafa, jina alilopewa na madereva wa malori kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza redio za CB, zile redio ndogo za ndani ya gari ambazo dereva hubonyeza kitufe cha maikrofoni akazungumza na wenzake walioko njiani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake akiwa dereva wa lori na mama yake mfuaji wa mashuka ya hospitali. Baba akisafiri alikaa wiki mbili bila habari, na kila lori lilipopunguza mwendo pale nje mama aliinuka na mapovu ya sabuni mikononi, halafu akakaa tena, na marehemu alikuwa akisema kwamba utoto wake wote aliumaliza akimtazama mama yake anainuka na kukaa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1961 hadi 1967, sekondari kuanzia 1968 hadi 1971, kisha akaingia chuo cha ufundi, ambako alikuwa msichana peke yake kati ya wanafunzi kumi na tisa. Siku ya kwanza mwalimu wa umeme alimwuliza kama amepotea njia ya kwenda darasa la ushonaji, naye akajibu, "Kama nimepotea, mwalimu, basi nimepotelea hapa hapa." Alihitimu tarehe 30 Novemba 1973, akiwa wa tatu darasani.

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya usafirishaji, akafunga na kutengeneza redio za malori kwa miaka minane, na huko ndiko alikojifunza kwamba ndani ya redio moja kuna kazi mbili, kuifanya izungumze na kuifanya isikike. Ya kwanza ndiyo matengenezo, ya pili ni kurekebisha masafa na kupima antena, na dereva mwenye ya kwanza bila ya pili anaweza kupayuka hadi koo likauke asisikike hata ng'ambo ya kilima. Tarehe 1 Machi 1982 alifungua chumba chake mwenyewe mkabala na maegesho ya malori, akaandika bei ukutani kwa rangi nyeusi, kuangalia bure, matengenezo mia nne, kurekebisha masafa mia mbili. Wakati huo mafundi wengine walikuwa wakipanga bei kwa kumtazama mteja viatu, kwa hiyo ukuta ule uliwakera wao na kuwafurahisha madereva.

Chumba cha pili kilikuwa cha fundi cherehani, kijana mpole mwenye cherehani ya umeme, na kila alipokanyaga pedali redio za marehemu zilivuma kama nyuki. Wiki ya pili marehemu alitoka akasimama mlangoni kwake. "Kaka, cherehani yako inanipigia kelele redioni." "Mimi nashona kimya kimya, dada, labda redio zako zina masikio marefu." Marehemu alifungua mota, akatia kifaa kidogo kama punje ya maharagwe, kelele zikakoma, na alipoulizwa bei akasema bure, maana ametibu masikio yake mwenyewe. Kesho yake fundi cherehani alirudi kusema kwamba kelele zimeanza tena, na hazikuwa zimeanza. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa binti, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1983, na mtoto wa kiume, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1986.

Sasa familia inaomba ieleze jambo ambalo wengi wenu mlilisikia vipande vipande, na mhusika mwenyewe yuko hapa nasi na ameridhia lisemwe hadharani. Jumanne, tarehe 14 Julai 1987, aliingia karakanani dereva kijana aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, akiwa na redio iliyokufa kabisa. Marehemu aliifungua, akabadilisha kipande kilichoungua, redio ikafufuka, kisha akamweleza kwamba masafa yamehama na antena haijakaa sawa. Twiga akapapasa mifuko. "Mama, leo nifanyie ya mia nne tu. Hiyo ya mia mbili nitaifanya nikirudi." Marehemu alitazama ukuta, akaona kwamba bei ni bei, akamkabidhi redio yake. Kazi aliyoiacha ilikuwa ya dakika ishirini.

Ijumaa ya wiki hiyo lori la Twiga lilipinduka kwenye mteremko wa milimani, likalala bondeni na mguu wake ukiwa umebanwa, na hakupatikana hadi Jumapili, ambapo madaktari walilazimika kuukata mguu. Habari zilipofika kwenye maegesho ya malori zilifika na maneno haya, kwamba Twiga aliita redioni siku mbili na hakuna aliyemsikia. Hakuna aliyemnyooshea marehemu kidole, ila mtu mmoja pale kituo cha mafuta alisema, "Na redio yenyewe katoka kutengenezewa juzi," na hayo yalimtosha. Alikwenda hospitali mara mbili, mara zote mbili akafika getini akarudi nyumbani, na alipojikaza kwenda mara ya tatu Twiga alikuwa ameshachukuliwa na ndugu zake kwenda kwao mbali. Aliyeambiwa siri hiyo ni mumewe peke yake, ambaye alimjibu, "Mke wangu, wewe ni fundi redio, si wewe uliyeuchimba mteremko ule," lakini maneno hayo hayakumwingia.

Tarehe 1 Agosti 1987 alipaka chokaa juu ya bei zake, akaandika moja tu, mia nne, matengenezo pamoja na kurekebisha masafa, na asiyetaka yote mawili akatafute fundi mwingine. Mafundi wenzake wanne walimjia wakiwa wamekunja nyuso, wakajipanga kwenye benchi la wateja. "Kazi mbili kwa bei ya moja, sisi tukale wapi? Unatuharibia soko, mama." Hakuwaeleza kilichomsibu, alisema tu, "Mimi siuzi tena nusu ya kazi," wakaondoka wakiamini ni ujanja wa kuwanyang'anya wateja, na mwaka mzima walipita mlangoni pake bila salamu. Mapato yalipungua, fundi cherehani akaongeza kushona sare za shule, na watoto walizoea kuvaa mabaki ya vitambaa vya sare hizo hata siku za sikukuu. Kufikia mwaka 1995 wenzake watatu walikuwa wameunganisha bei zao pia, kwa kuwa madereva walikuwa hawakubali tena redio isiyopimwa, na salamu zilirudi, na wawili kati yao ndio waliobeba jeneza asubuhi ya leo.

Lakini yeye mwenyewe hakutulia. Dereva akichelewa siku moja, marehemu alikosa hamu ya kula, na mara nyingi alimfuata mteja hadi kwenye lori akapima antena upya wakati mteja ameshawasha injini.

Mwaka 2008 alimkabidhi binti yake karakana. Mnamo Septemba 2019 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, madaktari wakagundua kwamba moyo wake umepanuka, akatibiwa akiwa nyumbani hadi tarehe 27 Februari 2022, alipolazwa.

Jumamosi, tarehe 12 Machi, mzee mrefu anayetembelea magongo alifika karakanani akimwulizia Mama Masafa, na binti, ambaye hakumjua, akampeleka wodini. Marehemu alimtambua kabla hajaketi, machozi yakamtoka, akaanza kusema, "Twiga, mwanangu, nisamehe, zile dakika ishirini..." "Hapana, mama, mimi ndiye nimekuja kuomba msamaha. Miaka yote nasikia watu wakilitaja jina lako na redio ile. Mama, redio niliiuza."

Akaeleza kwamba Alhamisi, siku moja kabla ya ajali, aliletewa habari kuwa mtoto wake wa kwanza amezaliwa, mfukoni hana hata ya kununulia khanga ya kumpokelea, akaing'oa redio na kumwuzia dereva mwingine njiani. Redio ilikuwa mali ya mwenye lori, hivyo alipookolewa akadanganya kwamba imepotelea bondeni, na ili uongo ukae vizuri akaongeza kwamba aliita na hakuna aliyemsikia. "Kwenye lori hapakuwa na redio, mama. Palikuwa na nyaya zinaning'inia."

Marehemu alifumba macho, mumewe aliyekuwa kando ya kitanda akamshika mkono, binti akadhani amezidiwa. Kisha akauliza, "Uliiuza kiasi gani?" "Mia tatu." "Mia tatu! Na kuitengeneza tu ulinilipa mia nne?" Akaangua kicheko, na Twiga naye akacheka huku analia, hadi mrija wa hewa ukamchomoka marehemu puani na muuguzi akaja mbio kuwagombeza wote. Alilala usingizi mzito hadi chai ya asubuhi, usingizi ambao mumewe anasema hakuwahi kumwona nao tangu mtoto wao wa pili akiwa na mwaka mmoja.

Siku zilizofuata alikula, alitania wauguzi, aliwaita wajukuu mmoja mmoja. Binti yake alimwuliza kama sasa watenganishe bei kama zamani, kwa kuwa kumbe hakukuwa na kosa lolote, naye akajibu, "Usiitenganishe, bei iko sawa. Ila wewe ifanye kazi hiyo kwa raha, mwanangu, mimi niliifanya kwa hofu." Aliaga dunia Jumatano, tarehe 20 Aprili 2022, saa nne asubuhi, bila maumivu, ameshikwa mkono na mumewe. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi yule aliyewagombeza kisha akaomba naye asimuliwe, majirani waliopika na kulala nasi siku zote hizi, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, madereva walioegesha malori huko nje kwa utaratibu, na Twiga, aliyesafiri siku mbili kwa magongo kuja kusema ukweli, na juzi akaanza safari tena kuja kumzika.

Mama yetu, ulitutoka ukiwa mwepesi, na sisi tunakulaza tukiwa wepesi. Pumzika, hakuna aliyekuita ukashindwa kumsikia.