Viwavi wa Njano wa Nurusawa Hawajapanda Lori

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Gavana Kuwabara,

Umetukuta tunaondoka. Malori yote mawili yameshawashwa, majokofu ya mayai ya viwavi yamefungwa kamba, na hiyo meza uliyowekewa chai ndiyo ya mwisho; ukimaliza kunywa nayo inapanda. Hata hivyo, karibu.

KUKUKARIBISHA

Kwanza radhi. Mama Toyono, mkuu wetu sisi walezi wa viwavi, alikupokea langoni kwa maneno ambayo mkubwa haambiwi: "Baba, sigara hiyo itupe huko huko barabarani. Na manukato, umejimwagia chupa nzima? Simama kule, upepo usituletee!" Ulicheka, ukatii, ukavua na koti. Tunakushukuru. Moshi wa tumbaku unaua viwavi wa hariri, na hapa Nurusawa wao ndio tunaowaita waheshimiwa kabla ya mtu yeyote.

HISTORIA

Kituo hiki cha utafiti kilijengwa na mkoa enzi za babu zetu, baada ya ule mwaka ambao viwavi walioza kwenye trei za kila nyumba. Mtaalamu wa kwanza alipita nyumba kwa nyumba na hadubini mgongoni. Kila nondo, mama wa viwavi, aliyekwisha kutaga alimsaga na kumpima. Akimkuta na ugonjwa, mayai yake aliyachoma. Wakulima wakamfokea, "Umekuja kutuchomea mavuno, mwanaharamu wewe!" Mavuno yalipotengemaa, hao hao ndio waliombebea hadubini.

Wakati wa vita tuliamriwa kung'oa miforsadi, miti ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi, tupande viazi vitamu. Tuling'oa. Mstari mmoja nyuma ya choo mkaguzi hakuuona, maana hakutaka kusogea huko. Huo ndio uliowalisha viwavi waliobaki.

MAFANIKIO

Aina zilizozalishwa hapa zimelelewa mkoa mzima. Uzi wake umevaliwa na maharusi, na siku hizi madaktari wanaujaribu kwa kushonea vidonda. Mimi ninayewasomea, Orihara Tasuke, mkata majani, nimechimba mahandaki na nimevua samaki kaskazini, na shule nimeiokota njiani vipande vipande. Hapa watu wenye shahada walinifundisha hadubini bila kunicheka. Wenzangu wengi wana habari kama yangu. Kwa hilo tunaushukuru mkoa, na shukrani hii si ya kupambia karatasi.

CHANGAMOTO

Ni moja. Tuliambiwa kituo kitafungwa mwisho wa Julai. Tukaamsha mayai ya Njano, aina ya zamani kuliko zote, ambayo haivumilii jokofu mpaka vuli. Tukayaamsha yote kwa joto yaanguliwe, halikubaki hata moja. Kisha tarehe ikarudishwa nyuma, ikawa leo. Viwavi wa Njano sasa wako katika umri wao wa mwisho wa kula, na hawajaanza kusokota vifuko vya hariri.

Mkurugenzi wetu, Dkt. Komine, alimuuliza Mama Toyono, "Tukiwapakia hivi hivi, watafika?"

"Watafika, Daktari. Hata maiti hufika."

Daktari alikwenda kukusanya majani pamoja nasi.

MAOMBI

Tunaomba banda la pili na miforsadi iliyo kando yake visiguswe, na umeme usikatwe, mpaka waheshimiwa hawa wasokote, watoke nondo, watage. Walezi watatu tumekubali kubaki. Mayai tutayaleta kituo kikuu mjini wenyewe kwa treni, tumeyapakata. Ukikataa hatutakununia, maana mkoa umetufaa mengi. Ila ujue Njano hawapo penginepo.

Barabara ya milimani ikunyookee, na nyumbani uwakute wote wazima.

TULIPO HIVI LEO

Dkt. Komine amehamishiwa kituo kikuu, amekaa lori la mbele. Binti Sayaka wa hadubini amepata kazi kiwanda cha maziwa. Bwana Yasukawa wa tanuri la kukaushia vifuko amestaafu na amerudi kwao. Madereva wanakungoja umalize chai. Mama Toyono hayumo katika mstari huu wa wanaoondoka kwa sababu yuko banda la pili. Viwavi wa Njano wamekwisha kujivua ngozi mara ya nne. Wanakula.

Ni sisi,
Walezi na Vibarua wa Kituo cha Hariri, Nurusawa