Watu Wangapi kwa Silvano

Benchi langu la kahawa liko nyuma ya soko la Newala, na wanaolikalia kutwa ni watatu: Twahiru, tunayemwita Kamati, Dickson Mheshimiwa, ambaye hajachaguliwa hata kugawa wali msibani, na Jafari Salfa, anayepulizia mikorosho dawa ya salfa. Wa nne, Silvano, yuko kitandani kwake, nyumba ya tatu kutoka hapa. Hospitali ilisema ugonjwa wake hauponi, arudi nyumbani atunzwe. Hajigeuzi mwenyewe, na asipogeuzwa mwili unachimbika vidonda. Jana mkutano wa mtaa uliomba maoni: mhudumu mmoja awahudumie majumbani wagonjwa wangapi wa namna hiyo? Leo wangu hawa wakalidaka swali kabla sijamimina.

Kamati: Mmoja kwa watano. Zaidi ya hapo mnamuua mhudumu.

Salfa: Na msimu wa korosho je? Watu wote shambani, mgonjwa kabaki na kuku. Mgonjwa wa msimu ahesabiwe wawili.

Mheshimiwa: Maji mmeyasahau. Kila mhudumu apewe msaidizi wa kukaa foleni bombani.

Kamati: Na wa kumshikia foleni msaidizi akienda chooni.

Salfa: Na wa kusikiliza. Silvano kwa kulalamika, mtu mmoja hamtoshi.

Mimi: Alipokuwa mzima tulikuwa wanne, na hatukumtosha.

Mheshimiwa: Umeona! Andika, Kamati: mgonjwa mmoja, wahudumu wanne, na dereva.

Mimi: Dereva wa nini? Nyumba ya tatu hiyo!

Mheshimiwa: Mama Mwanne, kiwango ni kiwango.

Hapo akatokea Winfrida, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, anatoka kwa Silvano, mikono ya gauni kaikunja.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akasema Kamati. Tunakutetea hapa!

— Asanteni. Mzee Silvano kalalia ubavu ule ule tangu alfajiri. Mama Esha, mkewe, hana nguvu, na mimi peke yangu simwezi. Mlisema mtapokezana kuja kumgeuza. Leo zamu ya nani?

Kamati akachungulia kikombe chake. Salfa akatazama kiatu. Mheshimiwa akaninyoshea kikombe nimwongezee.

Nikafunika birika.

— Kahawa imeisha, nikasema.

Wakainuka wote watatu, wakamfuata Winfrida. Nikalinyanyua birika nilirudishe jikoni. Lilikuwa zito bado.