Alisema Tusiguse Kitu

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha viatu, na mguu wake mmoja nimeuwekea kipande cha tairi usiyumbe. Hapa hukaa Suka, dereva mstaafu, mtu wa maneno machache. Hukaa Brashi, fundi wa kupulizia rangi, ambaye hata masikio yake yana madoa ya buluu. Hukaa pia Profesa, mtengeneza redio, ambaye tangu nimjue hajawahi kusema "sijui". Mimi nashona na kusikiliza, na wakinichosha nagonga misumari kwa nguvu. Siku hiyo, saa tisa mchana, hata salamu zilitoka kwa kujikokota. Jana yake mnunuzi alikuja kuliona gari la Suka. Alilizunguka mara moja, akashukuru, akaondoka.

Gari lenyewe ni la mwaka sitini na nane. Suka aliliendesha miaka thelathini na moja kwa mwenye duka la vitambaa, na siku ya kustaafu akaambiwa, chukua, ni lako. Tangu hapo limekaa uani kwake limefunikwa turubai. Juzijuzi binti yake alilipiga picha, akalitangaza mtandaoni kwa hao watu wanaokusanya magari ya kale. Huyo binti amerudi nyumbani na watoto watatu baada ya ndoa kuvunjika, wote wanalala sebuleni, na Suka akitaka kwenda msalani alfajiri inabidi aruke vichwa vinne. Likipata mtu, pale uani panajengwa chumba.

BRASHI: Mimi bado sielewi. Mtu ametoka mbali kote kule, kahawa hakunywa, bei hakuuliza. Amekwambiaje hasa?

SUKA: Asante, mzee.

PROFESA: Asante ya namna gani? Kuna asante na asante.

SUKA: Ya msibani.

Muuza kahawa alimimina bila kuulizwa. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka kulisikia jambo hilo tangu asubuhi.

BRASHI: Siyo rangi, hilo nawahakikishia. Nimelipiga msasa siku mbili mpaka nikauona uchi wa bati. Nimepuliza mara nne. Ukisimama mlangoni unajiona mpaka jino bovu.

MIMI: Na yale maandishi ya duka, ubavuni?

BRASHI: Nimeyala yote kwa msasa. Yalikuwa yamebabuka, aibu tupu.

PROFESA: Na redio nimeliwekea ya kisasa, ina taa za kijani. Ile ya vifundo vya kuzungusha ilikuwa inakoroma tu.

Mimi nilivalisha viti upya. Wiki nzima, baada ya kazi, tulikuwa uani kwa Suka sisi watatu, tukitoka jasho kama watu wanaojenga msikiti. Hakuna aliyetaka kulipwa. Suka ni mwenzetu.

PROFESA: Nisikilizeni. Hawa watu hawayaendeshi haya magari. Wanayaweka ndani. Gari moja, chumba kimoja, na feni juu.

SUKA: Gari lina chumba.

PROFESA: Chumba chake peke yake! Na mtu wa kulifuta vumbi.

SUKA: Chake peke yake.

Akanywa kahawa. Profesa hakuona kitu, akaendelea.

PROFESA: Kwa hiyo amekuja, akapima kwa macho, akaona halienei mlangoni kwake. Ndiyo hivyo.

BRASHI: Acha hizo, wewe! Gari lile halina hata mapana ya meza ya harusi. Hawa hawatafuti gari. Wanatafuta ule unga wa fedha wanaosema uliwekwa kwenye dashibodi za zamani. Chembe moja unajenga ghorofa. Akachungulia, akaona wajanja wamewahi.

MIMI: Wajanja gani? Ni sisi tuliolifungua.

BRASHI: Basi Profesa aeleze.

PROFESA: Mimi? Ningejenga ghorofa ningekuwa nakunywa kahawa na wewe? Sasa nawaambia ukweli niliokuwa nauficha. Yule si mnunuzi. Ni mtoto wa nje wa mwenye duka. Marehemu alishonea wosia wake ndani ya kiti, na kijana amekuja kuufuata.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na kiatu cha mtu mapajani, uzi mdomoni.

BRASHI: Viti umefungua wewe. Ulikuta nini?

MIMI: Sponji. Na kibanio cha nywele.

SUKA: Cha mke wa mwenye duka. Alikitafuta sana.

PROFESA: Mnaona? Mambo yameanza kujitokeza!

BRASHI: Au gari lenyewe lilimkataa. Jana alipofungua mlango, si mlisikia ulivyolia?

MIMI: Ulilia kwa sababu uliuziba kwa rangi, Brashi.

Nikaona afadhali niulize lililokuwa linanikereketa.

MIMI: Suka, kwenye simu, kabla hajaja, alisema nini?

SUKA: Alisema tusiguse kitu.

MIMI: Hukutuambia.

SUKA: Nilijua ni adabu tu. Mgeni akikwambia usijisumbue, ndiyo unamwacha na njaa?

Sote tulikubali kwamba mgeni haachwi na njaa. Hapo ndipo binti wa Suka alipotokea, kitambaa cha jikoni begani, simu mkononi, anatembea haraka.

BINTI: Shikamooni, baba zangu. Baba, yule mtu ameandika.

SUKA: Anasemaje?

BINTI: Anasema alilipenda kwenye zile picha kwa uzee wake. Alitaka lile lile, na maandishi yake, na viti vilivyopasuka, na redio yake. Alivyolikuta jana aliona kama amefika nyumba siyo.

Brashi alijipangusa rangi sikioni.

BINTI: Lakini anasema hajakata tamaa. Kama vitu vile vya zamani vipo, hata vikiwa vibovu namna gani, kesho anakuja na lori la kulibeba. Anauliza swali moja tu. Viko wapi?

Nilikuwa sijamwona Suka akicheka siku nyingi. Alicheka, akapiga goti lake.

SUKA: Mmesikia? Kesho! Haya, semeni, viko wapi?

Brashi alitazama chini. Maandishi yale yalikuwa vumbi, na vumbi alilifagia mwenyewe. Profesa alikuwa ameichinja redio, akavigawa viungo vyake kwenye redio nne za watu, na wenyewe wameshazichukua. Na mimi, jamani, ngozi ya viti nilikuwa nayo mikononi pale pale. Kipande cha mwisho, nakishona kiwe soli ya ndani ya kiatu cha mtu nisiyemjua. Vipande vingine vyote vinatembea mjini chini ya nyayo za watu. Niliona ngozi nzuri, nikasema isipotee. Niliona haya nikatamani benchi linimeze.

SUKA: Brashi?

Brashi akakwangua rangi iliyoganda kwenye kucha.

SUKA: Profesa, wewe una majibu ya kila kitu.

Profesa akatikisa kichwa. Suka alitutazama mmoja mmoja, na kile kicheko kikaondoka usoni taratibu. Binti alielewa kabla yake. Alitazama kiatu mapajani mwangu, akatazama pembeni.

BINTI: Nimjibu nini, baba?

Suka alizungusha kikombe kitupu, akakiweka benchini.

SUKA: Mwambie havipo.

BINTI: Basi?

SUKA: Halafu mwambie, lakini limependeza.

Binti aliandika kama alivyoambiwa, akafunga simu, akasema anakwenda kuwachukua watoto shule. Profesa alinyanyuka, akakusanya bisibisi zake bila kumwangalia mtu. Sikuwahi kumwona akiondoka mapema hata siku moja.

"Unakwenda wapi?" Suka akamwambia. "Kaa." Akajisogeza pembeni kumpa nafasi.